Kupungua kwa mahudhurio na kufungwa kwa makanisa Katoliki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waamini wa Nyanda za Juu Kusini

Habari za makanisa Katoliki kufungwa Ulaya na Marekani zimewafikia waamini wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa kwa njia ya simu, mara nyingi zikiwa picha moja yenye maneno machache yasiyoeleza jambo lenyewe. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi baada ya Misa, katika mikutano ya jumuiya ndogondogo za Kikristo na katika semina za Halmashauri ya Walei. Majibu yamefuata Sheria za Kanisa za mwaka 1983 pamoja na matukio yanayojulikana hadharani, na pale yanapohusu vigango vyetu wenyewe, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, yamerefushwa kwa makusudi.

Je, ni kweli kwamba makanisa Katoliki yanafungwa Ulaya na Marekani?

Ni kweli, ingawa kiasi chake hutofautiana kati ya nchi na nchi na hata kati ya jimbo na jimbo. Mwaka 2004 Jimbo Kuu la Boston, Marekani, lilitangaza kufunga parokia kadhaa kwa mkupuo; mwaka 2023 Jimbo Kuu la St. Louis lilipunguza parokia zake kutoka 178 hadi 134. Na mwaka 2024 Jimbo Kuu la Baltimore lilitangaza kwamba parokia 61 za mjini na vitongoji vyake zingebaki 23. Nchini Uholanzi, Kardinali Wim Eijk wa Utrecht alionya mwaka 2013 kwamba sehemu kubwa ya makanisa Katoliki ya nchi hiyo ingefungwa ndani ya miaka michache. Ujerumani nayo ina Jimbo Kuu la Freiburg, ambalo limeunganisha parokia zipatazo 1,000 na kupata 36 tu kuanzia Januari 2026.

Nyuma ya hatua hizo kuna mahudhurio yaliyoshuka kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Wakatoliki watatu kati ya wanne nchini Marekani waliwaambia watafiti wa Gallup kwamba walikuwa wameingia kanisani katika juma lililopita, lakini katika miaka ya 2021 hadi 2023 waliosema kwamba huhudhuria kila juma au karibu kila juma walikuwa mmoja kati ya watatu. Nchini Ireland, mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban Wakatoliki tisa kati ya kumi walihudhuria Misa kila juma, na hali hiyo haipo tena. Ujerumani mwaka 2023 ilihesabu asilimia 6.2 tu ya Wakatoliki wake katika Misa za Jumapili.

Anayesoma takwimu hizo akumbuke pia kwamba Wakatoliki duniani ni takriban bilioni 1.4, na mmoja katika kila watano anaishi Afrika. Haifai kusema kwamba Kanisa Katoliki linakufa, na haifai vilevile kufurahia kwamba wenzetu wamepungukiwa ilhali sisi tumeongezeka. Kanisa kubwa la Tosamaganga, shule na hospitali zetu nyingi za misioni zilijengwa kwa sadaka za wakulima na wafanyakazi wa Italia na Ujerumani, ambao baadhi ya makanisa yao ndiyo hayo yanayofungwa leo.

Kwa nini watu waliacha kwenda kanisani huko?

Hakuna sababu moja. Ipo sababu ya kuhama: katika miji ya kaskazini mashariki ya Marekani, wahamiaji wa Kiitaliano, Kipolandi, Kiireland na Kijerumani walijenga kila taifa kanisa lake, mengine yakitenganishwa na mtaa mmoja tu, na wajukuu wao walipohamia vitongoji vya nje, makanisa matano yakabaki mahali ambapo moja lingetosha. Ipo sababu ya mapadre: Marekani ilikuwa na mapadre zaidi ya 59,000 mwaka 1970, na miaka hii wako takriban 34,000, wengi wao wakiwa wazee. Familia zimekuwa ndogo, na mtoto mmoja au wawili wanapoacha imani, hakuna ndugu anayebaki kushika nafasi yao.

Ipo pia sababu ya aibu, nayo haipaswi kufichwa. Taarifa za mapadre waliowadhulumu watoto kijinsia, na za viongozi waliowahamisha mapadre hao badala ya kuwazuia, zilifichuliwa Boston mwaka 2002, na pia Ireland, Ujerumani na kwingineko. Ujerumani, ambako Mkatoliki hulipa kodi ya kanisa ya asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato na huweza kujiondoa rasmi katika ofisi ya serikali, watu 522,821 walijiondoa katika mwaka 2022 peke yake. Wengi wa hao walikuwa wameacha kuhudhuria zamani, na kashfa iliwapa tu sababu ya kukamilisha safari waliyoianza kimyakimya.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo somo lilipo. Amri ya askofu ya kufunga kanisa huja mwishoni kabisa. Kabla yake kuna miaka ishirini au thelathini ambamo watu walikosekana mmoja mmoja, na hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwao, kwa kuwa kanisa bado lilionekana limejaa.

Kuunganisha parokia na kufunga kanisa ni jambo moja?

Hapana, na kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakozaa taharuki nyingi. Parokia ni jumuiya ya waamini iliyoundwa rasmi ndani ya jimbo na kukabidhiwa kwa paroko, yaani padre anayeiongoza. Kanisa ni jengo takatifu la ibada. Parokia mbili zinaweza kuunganishwa kuwa moja na makanisa yote mawili yakaendelea kutumika, kama vile parokia moja ya Ludewa au Kilolo inavyoweza kuwa na vigango vingi na kila kigango kikawa na kanisa lake. Kuondoa parokia hakulifungi jengo. Inahitajika amri nyingine, yenye sababu zake, ili jengo liondolewe hadhi ya mahali pa ibada.

Ni nani mwenye mamlaka ya kufunga, na kwa masharti gani?

Ni askofu wa jimbo. Kanuni ya 515 ya Sheria za Kanisa inampa yeye peke yake mamlaka ya kuunda, kuondoa au kubadilisha parokia, lakini inamtaka kwanza alisikilize Baraza la Mapadre. Kuhusu jengo, kanuni ya 1222 inataja hali mbili. Ya kwanza ni kanisa lililoharibika kiasi kwamba haliwezi kutumika kwa ibada wala kutengenezwa. Ya pili ni kuwapo kwa sababu nyingine nzito, na hapo askofu hulisikiliza tena Baraza la Mapadre, huomba ridhaa ya wale wenye haki halali juu ya kanisa hilo, na hujiridhisha kwamba wokovu wa roho za watu hautadhurika.

Waraka wa Roma kuhusu parokia wa Julai 2020 ulifafanua kwamba uhaba wa mapadre, kupungua kwa watu au hali mbaya ya fedha ya jimbo zima haviwi peke yake sababu halali za kuliondolea kanisa fulani hadhi yake. Sababu zinatakiwa kulihusu kanisa lile lenyewe. Zaidi ya hayo, kanuni ya 526 inaruhusu padre mmoja kukabidhiwa parokia kadhaa jirani pale mapadre wanapokuwa wachache, na kanuni ya 517 inaruhusu shemasi au mlei kushirikishwa katika uchungaji wa parokia isiyo na padre wake. Sheria, kwa hiyo, inaelekeza jitihada nyingi kabla ya mlango kufungwa.

Waamini wasiokubaliana na uamuzi wanaweza kufanya nini?

Wanaweza kukata rufaa, na si utovu wa utii kufanya hivyo kwa heshima. Hatua ya kwanza ni kumwandikia askofu mwenyewe na kumwomba abadilishe au afute amri yake, ndani ya siku 10 tangu waarifiwe rasmi. Asipokubali, wana siku 15 za kupeleka rufaa Roma, katika idara inayohusika na mapadre, na baada ya hapo ipo mahakama kuu ya Kanisa, Signatura ya Kitume. Siku hizo hupita haraka, na rufaa nyingi hushindwa kwa kuchelewa tu.

Rufaa si kazi bure. Huko Cleveland, Marekani, askofu alifunga parokia nyingi kuanzia mwaka 2009, na mwaka 2012 Roma ilitengua uamuzi wake kuhusu parokia 13 kwa kuwa utaratibu haukufuatwa ipasavyo; mengi ya makanisa hayo yakafunguliwa tena. Upande mwingine kuna waamini wa kanisa la Mtakatifu Fransiska Xaveri Cabrini katika mji wa Scituate, karibu na Boston, ambao walilala kanisani kwa zamu kwa zaidi ya miaka 11 wasikubali litwaliwe. Walishindwa Roma, wakashindwa katika mahakama za serikali, na mwaka 2016 wakaondoka. Huko Roma kesi zote mbili, ya Cleveland na ya Scituate, zilihukumiwa kwa sheria ileile.

Kanisa likishafungwa, altare, masalia na jengo lenyewe huenda wapi?

Ekaristi Takatifu huhamishwa. Masalia ya watakatifu hayauzwi kamwe, kwa katazo la kanuni ya 1190. Altare haipotezi wakfu wake hata jengo linapobadilishiwa matumizi, ndiyo maana huondolewa na kupelekwa kanisa jingine, au huvunjwa ikiwa haiwezekani kuihamisha. Madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi hupelekwa kwenye parokia inayowapokea waamini au kwenye hifadhi ya jimbo, kwa hiyo mtu aliyebatizwa katika kanisa lililofungwa bado anaweza kupata cheti chake.

Jengo laweza kuuzwa au kupewa kazi nyingine, kwa sharti kwamba kazi hiyo isiwe ya kuaibisha. Maktaba, ukumbi, makazi au shule vinakubalika. Picha zinazosambazwa za makanisa yaliyogeuzwa kumbi za starehe zinapaswa kutazamwa kwa uangalifu, kwani baadhi ni za madhehebu mengine, na mengine yalitwaliwa na serikali zamani sana, kama kanisa la Wadominikani la Maastricht, Uholanzi, ambalo limekuwa duka la vitabu lakini liliacha kuwa kanisa tangu enzi za vita vya Wafaransa mwishoni mwa karne ya 18. Kuhusu fedha za mauzo, kanuni ya 1267 inaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu.

Je, mahudhurio yanapungua pia katika Nyanda za Juu Kusini?

Jibu la haraka, lile la kusema kwamba kwetu makanisa yanajaa, halitoshi. Sensa ya taifa haijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967, kwa hiyo anayetaja asilimia za mkoa wa Mbeya au Iringa hana sensa ya kumuunga mkono. Tunachoweza kukitazama ni muundo wa Kanisa, nao umekua. Majimbo ya Mbeya na Iringa yalipata hadhi ya jimbo kamili mwaka 1953. Njombe ikamegwa kutoka Iringa mwaka 1968. Mbeya ikawa Jimbo Kuu mwaka 2018. Na Mafinga ikamegwa kutoka Iringa mwaka 2023. Wakati Freiburg inaunganisha, sisi tunagawanya.

Hata hivyo, ukuaji wa jumla unaweza kuficha upungufu wa mahali pamoja. Nenda Jumapili ya kawaida katika kigango cha mlimani Makete, Ileje au Kilolo, uangalie walioketi. Utawaona bibi, akina mama na watoto wa shule ya msingi. Vijana wako Makambako, Mafinga, Mbeya mjini, Tunduma na Dar es Salaam. Wengine wako kwenye mashamba ya chai Mufindi, kwenye mpunga wa Usangu au kwenye machimbo ya dhahabu Chunya. Katika Njombe na Iringa lipo pengo jingine la uchungu, kwa sababu mikoa hiyo imekuwa miongoni mwa iliyoathiriwa zaidi na UKIMWI nchini, na kuna vijiji ambavyo kizazi cha wazazi kilipungua sana hata mayatima wakalelewa na babu na bibi zao.

Kijana aliyehama hajaacha imani siku anapopanda basi. Jina lake linaendelea kusomwa katika jumuiya ya nyumbani, mama yake anamlipia zaka, na kwa hesabu za kigango bado yupo. Huko alikokwenda hajajiandikisha jumuiya yoyote, hajulikani kwa paroko, na baada ya miaka mitatu au minne anaona haya kujitokeza. Anakuwa amehesabiwa mahali asipoishi na anaishi mahali asipohesabiwa. Huu ndio upungufu wetu, nao hauonekani kwa macho Jumapili ya Pasaka, wakati watu wanasimama hadi nje ya milango.

Kigango chetu kimebaki na wazee wachache. Je, kitafungwa?

Uchache wa watu peke yake haukifungi kigango, na hakuna anayepaswa kuwatisha wazee kwa neno hilo. Historia ya eneo letu inawatetea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani waliondolewa nchini, na misioni zikakaa bila mapadre wa kutosha mpaka Wamisionari wa Consolata walipofika Iringa mwaka 1919. Katika kipindi hicho walioongoza sala, kufundisha watoto na kuzika wafu walikuwa makatekista.

Yapo mambo mawili ya kufanya mapema. Kwanza, viongozi wa kigango wamweleze Baba Paroko hali halisi, pamoja na idadi ya wanaohudhuria kwa kweli, ili ratiba ya Misa na huduma ya wagonjwa ipangwe kwa kuifuata. Pili, wahakikishe ardhi ya kigango ina maandishi. Viwanja vingi vilitolewa kwa mdomo na wazee wa kijiji walioguswa na imani, na kigango kinapoanza kupoa wajukuu wa mtoaji hudai shamba la babu yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweka utaratibu wa hatimiliki za kimila, na mali za Kanisa kwa kawaida huandikishwa kwa jina la wadhamini wa jimbo. Suala hili lishughulikiwe wakati mashahidi wangali hai.

Padre huja mara moja kwa mwezi, au mara chache zaidi wakati wa masika. Je, tunatenda dhambi kwa kukosa Misa?

Hapana. Wajibu wa Misa ya Jumapili haumfungi mtu asiyeweza kuifikia. Kanuni ya 1248 inahimiza kwa nguvu kwamba mahali ambapo Misa haiwezekani waamini washiriki Ibada ya Neno kanisani, au wasali kwa muda wa kufaa kama familia au kikundi cha familia. Anayebaki nyumbani siku ya ibada inayoongozwa na katekista kwa hoja kwamba “si Misa” anajinyima, na anamvunja moyo katekista ambaye mara nyingi hutumikia kwa posho ndogo au bila posho kabisa.

Je, Misa ya redioni inatosha?

Kwa mgonjwa, mzee asiyeweza kutembea na anayemuuguza ni msaada mkubwa, na Radio Maria inathaminiwa sana vijijini kwa sababu hiyo. Kwa mwenye afya anayeishi karibu na kanisa, haitoshi.

Vijana wetu wanahamia makanisa ya Kipentekoste. Tuwakataze?

Katazo halijamrudisha mtu. Mbeya ni mji wenye madhehebu mengi. Wamoravian na Walutheri walifika katika eneo hili tangu mwaka 1891, na makanisa ya Kipentekoste yameongezeka katika karibu kila mtaa. Wanaohama hueleza mambo yanayofanana: kwamba walipougua waliombewa kwa jina lao, walipokosa Jumapili mbili walipigiwa simu, na walipewa kazi ya kufanya. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo geni katika Kanisa Katoliki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipochagua jumuiya ndogondogo za Kikristo katika miaka ya 1970, walikusudia hasa kwamba kila mwamini ajulikane na jirani zake kwa jina.

Mtu asiyeshiriki jumuiya anaweza kunyimwa mazishi ya Kikatoliki?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na kwa haki. Kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa: walioikana imani waziwazi, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kungeleta kashfa, tena kama tu hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, penye shaka huulizwa askofu. Deni la michango halimo. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kiongozi wa jumuiya anayekataa kwenda msibani ili “iwe fundisho” anawafundisha watoto wa marehemu kuondoka, nao huondoka kweli. Tunaliandika hili bila kulainisha maneno kwa sababu tumeona familia nzima zikipotea kwa msiba mmoja.

Kwa nini mapadre wetu wanatumwa Ulaya wakati vigango vyetu havina padre kila Jumapili?

Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaomba maaskofu wa majimbo yenye mapadre wawaazime Afrika, kwa waraka uitwao Fidei donum. Leo mapadre wa Kitanzania wanahudumu Ujerumani, Italia na Marekani kwa msingi uleule. Anayeona kwamba jimbo lake linatoa zaidi ya uwezo wake ana haki ya kumweleza askofu wake, lakini aujue pia mwanzo wa deni hili: kwa miaka mingi karibu kila sakramenti iliyotolewa Tosamaganga au Peramiho ilitolewa na padre aliyeazimwa.

Jumuiya ianze na nini inapoona watu wanapungua?

Ianze na daftari lake. Majina yote yasomwe, familia moja baada ya nyingine, na kila asiyeonekana kwa miezi mitatu apangiwe watu wawili wa kumtembelea, ambao hawatataja mchango katika safari hiyo ya kwanza. Aliyehama aandikiwe barua ya utambulisho, na mwenyekiti apige simu katika parokia ya huko, iwe Tunduma au Dar es Salaam, aombe namba ya kiongozi wa jumuiya ya mtaa anaoishi. Jina lake lisifutwe katika daftari la nyumbani mpaka kiongozi wa huko athibitishe kwamba amempokea.